Mwanao anacheza gemu gani siku hizi?



Dominika moja baada ya Misa ya pili, mama mmoja alinisubiri mlangoni mwa ofisi ya parokia. Ni mama anayeuza mboga hapa Morogoro mjini. Kabichi zake na karoti zake hushuka na gari la alfajiri kutoka Mgeta. Mwanawe yuko kidato cha pili. Alikuwa amempa shilingi elfu thelathini za mchango wa chakula shuleni, na hela hiyo haikufika shuleni.

"Baba, ameimalizia kwenye magemu," aliniambia, huku akifuta macho kwa ncha ya kanga. "Nakuomba Dominika ijayo uyalaani pale altareni. Yale ni shetani."

Nilimwuliza swali la kawaida tu: "Mama, anacheza gemu gani?"

Akanyamaza kidogo. "Si hayohayo tu, Baba. Ya kwenye televisheni."

Nilitikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Ukweli ni kwamba hata mimi sikujua. Mwaka ule nilikuwa nimeshahubiri mara mbili dhidi ya magemu, na sikuwa nimewahi kuingia kwenye kibanda hata kimoja. Jioni ile niliona haya. Tunamcheka mganga anayegawa dawa bila kumpima mgonjwa, na mimi nilikuwa nimegawa dawa kwa parokia nzima.

Ndani ya kibanda

Jumatatu, siku yangu ya mapumziko, nilitembea hadi mtaa mmoja wa Kihonda ambako nilijua vijana wetu hukusanyika. Kibanda chenyewe ni chumba kimoja cha bati, feni moja, televisheni tatu na mabenchi. Pedi za kuchezea zimefungwa utepe mweusi pale zilipopasuka. Ukutani kuna karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nzito: mechi moja shilingi mia tatu, hakuna kukopa.

Nilipoinama kuingia, wote walisimama. Kijana mmoja alificha pedi mgongoni kana kwamba ni sigara. "Shikamoo Padre." Nikawaambia, "Marahaba, kaeni. Nimekuja kuangalia mpira."

Nilikaa saa nzima. Nilijifunza kwamba lile gemu la mpira ambalo wengi bado wanaliita FIFA limebadilishwa jina tangu mwaka 2023, sasa ni EA Sports FC. Nilijifunza sheria ya kibanda: mshindi anabaki, aliyefungwa anampisha mwenzake, na wadogo hawarukwi kwenye foleni. Kijana mkubwa kuliko wote ndiye anayeamua ugomvi, na neno lake halipingwi. Mwisho wakanipa pedi. Nilifungwa sita bila na mtoto wa darasa la sita ambaye mimi mwenyewe nilimpa Komunyo ya Kwanza. Alinifundisha kupiga pasi kwa upole mkubwa, kama ninavyojitahidi kumfundisha Katekisimu.

Nilipotoka niliona jambo jingine. Hatua chache kutoka pale, kwenye baraza la duka, ilisimama mashine yenye taa inayomeza sarafu, ile ambayo vijana huiita dubwi. Mbele yake alisimama kijana mwenye shati la shule, akiingiza sarafu moja baada ya nyingine. Kibandani kulikuwa na kelele, vicheko na mabishano. Pale kwenye mashine palikuwa kimya. Kijana hakucheka na hakuongea na mtu. Nilimtazama kwa mbali, nikaenda zangu. Sikumtambua, maana alinipa mgongo.

Niliwauliza vijana

Dominika iliyofuata niliwaomba VIWAWA wabaki ukumbini pamoja na wazazi watakaopenda. Niliuliza swali moja: "Kila mmoja atuambie, siku hizi unacheza gemu gani, na linakufurahisha nini?" Niliahidi kwamba hakuna atakayekemewa. Katekista wangu alikunja uso, lakini alikaa.

Mwanzo waliangalia chini. Kisha kijana wa bodaboda pale Msamvu akasema anacheza Dream League Soccer kwenye simu akisubiri abiria washuke kwenye mabasi, na timu yake ameivalisha jezi za Simba. "Kwenye simu yangu, Padre, Simba haifungwi." Wana Yanga wakapiga kelele, na hapo ukumbi ukafunguka.

Dada mmoja muuguzi alisema anacheza Candy Crush akitoka zamu ya usiku. Gemu lile humpa mchezaji maisha matano, yakiisha lazima asubiri. "Yakiisha na mimi nalala," alisema. Mwanafunzi wa SUA alieleza PUBG, ambamo watu mia moja hushushwa kisiwani na kupigana mpaka abaki mmoja au kikosi kimoja. Niliuma midomo, kwa sababu ni gemu la bunduki. Lakini akaongeza kwamba kaka yake aliye Mwanza yuko kikosi kimoja naye, na wakicheza huongea kwa simu za masikioni. "Tangu baba afariki, ndiyo njia pekee tunayoongea." Binti mwingine anacheza ludo ya kwenye simu na dada yake anayefanya kazi za ndani Muscat. Kila mmoja akiisogeza kete yake, mwenzake anajua yuko mzima.

Mzee mmoja wa halmashauri ya walei, asiye na simu ya kisasa, alisema yeye anacheza drafti ya vizibo vya soda chini ya mwembe, na kwamba drafti hiyo imemchelewesha nyumbani mara nyingi kuliko pombe. Mkewe, aliyekaa nyuma yake, alisema amina kwa sauti. Mwishowe katekista naye akakiri kwamba kompyuta ya parokia ina mchezo wa karata, na kwamba orodha ya ubatizo iliwahi kuchelewa kwa sababu hiyo.

Tulicheka sana siku ile. Lakini niligundua kitu. Niliwauliza juu ya gemu, na wengi wao walinijibu juu ya mtu: kaka, dada, rafiki, mpinzani wa Yanga. Nimekuwa padre zaidi ya miaka ishirini, na ndani ya saa moja nilijua juu ya upweke na upendo wa vijana wangu kuliko nilivyojua kwa semina tatu.

Mtoto wa yule mama alikuwepo, amekaa karibu na mlango. Hakusema neno. Watu walipoondoka alibaki akipanga viti, na alivipanga polepole kuliko ilivyohitajika. Kisha akaniambia: "Padre, mimi sichezi gemu. Mimi nacheza dubwi."

Haikuwa kitubio. Ya kitubio hayaandikwi gazetini wala popote. Yeye na mama yake wameniruhusu niyaseme haya bila majina, ili yamsaidie mwingine.

Jina moja, vitu viwili

Unaona, msomaji wangu, tulikuwa tunapigana na kivuli. Mama alisema "magemu," mimi nikahubiri "magemu," na kijana akajificha ndani ya neno hilo kwa miezi minne. Ni sawa na kusema mtoto ana homa. Homa ya nini? Malaria ina dawa yake na taifodi ina dawa yake. Ukikosea, mgonjwa anazidi kudhoofika huku unajisifu kwamba umemtibu.

Anayecheza mpira kibandani analipa mia tatu, anapata mechi yake, anashinda au anafungwa kwa ustadi wake, na hadithi imeisha. Dubwi halihitaji ustadi. Limetengenezwa ili, siku zikizidi, mwenye mashine apate kuliko mchezaji. Na likishakula elfu moja, linamnong'oneza mtoto kwamba elfu nyingine itairudisha ile ya kwanza. Ndivyo elfu thelathini za chakula cha shule zilivyokwenda.

Sheria ya nchi yetu iko wazi. Michezo ya kubahatisha inasimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania kwa sheria iliyotungwa mwaka 2003, na mtu aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kuicheza. Mashine inayopokea sarafu ya mtoto aliyevaa shati la shule inavunja sheria, na sisi tunaopita barazani tukiangalia kando tuna sehemu yetu. Mimi nilipita.

Kanisa nalo linafundisha kwa uangalifu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, haisemi kwamba mchezo wa bahati ni dhambi kwa wenyewe. Inasema unakuwa haukubaliki pale unapomnyang'anya mtu mahitaji yake au ya wale wanaomtegemea, na inaonya kwamba tamaa ya kucheza kamari inaweza kumfanya mtu mtumwa. Sahani ya mchana ya mwanafunzi ni hitaji. Hapo hatuhitaji mwanateolojia.

Mzazi ajue pia kwamba mpaka kati ya vitu hivi viwili unazidi kuwa mwembamba. Yako magemu ya simu yanayomwuzia mchezaji sanduku lililofungwa: unalipa kwanza, kisha ndipo unaona umepata nini. Mwaka 2018 mamlaka ya michezo ya kubahatisha ya Ubelgiji ilitamka kwamba baadhi ya masanduku hayo ni kamari. Kwa hiyo usiulize tu gemu linaitwaje. Uliza pia linaomba hela wapi.

Na hata pasipo hela, kupita kiasi kupo. Shirika la Afya Duniani liliingiza ugonjwa wa uraibu wa magemu katika orodha yake ya magonjwa iliyopitishwa mwaka 2019 na kuanza kutumika Januari 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuyaweka magemu mbele ya kila kitu, na kuendelea hata madhara yanapoonekana, kwa kawaida kwa mwaka mzima au zaidi. Shirika hilohilo linasema wanaofikia hali hiyo ni wachache kati ya wanaocheza. Tusiwaite wote wagonjwa, lakini tusiwakatae wale walio wagonjwa kweli. Papa Benedikto wa XVI naye, katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Duniani ya mwaka 2007, alikemea magemu yanayotukuza ukatili kwa jina la burudani. Onyo lile bado lina kazi.

Mungu na mchezo

Wako waamini wanaodhani kwamba utakatifu ni kununa. Nabii Zakaria, anapotaka kueleza jinsi Yerusalemu itakavyokuwa Mungu atakapoiponya, anataja wazee wanaokaa kwa amani na fimbo zao, kisha anataja barabara zilizojaa wavulana na wasichana wakicheza (Zak 8:4-5). Kwa nabii huyo, mchezo wa watoto ni alama ya mji uliookolewa. Na Bwana wetu alipotaka kukilaumu kizazi chake, alitumia mfano wa watoto sokoni wanaogoma kucheza na wenzao (Mt 11:16-17). Alikuwa amewatazama watoto wakicheza, ndiyo maana mfano ule aliujua.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino anasimulia hadithi ya zamani juu ya Yohane Mwinjili. Watu walikwazika kumkuta akicheza na wanafunzi wake. Yohane akamwomba mmoja wao mwenye upinde arushe mshale, kisha mwingine, kisha mwingine, halafu akamwuliza kama angeweza kuendelea hivyo bila kukoma. Yule akajibu kwamba upinde ungevunjika. Ndivyo ilivyo roho ya mtu isiyolegezwa kamwe. Kwa Tomaso, kucheza kwa kiasi ni fadhila. Mchezo wa kupindukia ni kosa, na ukavu wa mtu asiyecheza kabisa na kuwachukia wanaocheza ni kosa pia. Wazazi na mapadre, hilo la pili ni letu.

Na siku hizi tunaye mtakatifu aliyeshika pedi. Carlo Acutis alizaliwa London mwaka 1991, akakulia Milan, akafariki kwa saratani ya damu mwaka 2006 akiwa na miaka 15. Papa Leo wa XIV alimtangaza mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Kijana huyu alipenda kompyuta, na alikuwa na PlayStation kama vijana wa Kihonda. Alijiwekea kipimo: saa moja kwa wiki. Hakuichoma mashine yake. Aliifanya mtumishi, ikamtumikia.

Hata hapa kwetu, mkoa jirani wa Tanga, katika vijiji vipatavyo 170, watoto ambao wengi hawakuwa shuleni waligawiwa vishikwambi vyenye michezo ya kujifunzia kwa Kiswahili, katika shindano la kimataifa ambalo washindi wake walitangazwa Mei 2019. Ndani ya miezi 15 wako waliojifunza kusoma kwa kucheza. Basi tusiseme kwamba kioo chenyewe ndicho shetani.

Nyoka wangu

Sasa naomba nikwambie la kwangu, maana si haki kuwatoa vijana hadharani na mimi nikae gizani.

Nilipokuwa padre mpya nilihudumia vigango vya milimani Uluguru. Kwenda kigango kimoja ilikuwa kupanda kwa miguu tangu asubuhi, mashamba ya njegere kulia na kushoto, ukungu ukishuka mpaka huoni kiatu chako. Nilikuwa na simu ya Nokia. Kule hakukuwa na mtandao, kwa hiyo simu ile ilikuwa na kazi mbili tu: kutazama saa, na kucheza nyoka. Wa umri wangu mnamkumbuka nyoka yule. Anakula, anarefuka, na akijigonga mwenyewe umekufa.

Siku moja baada ya Misa nilikaa kwenye benchi nje ya kigango nikingoja chakula. Mzee mmoja akaja, akavua kofia. "Baba Padre, nina neno." Nikamwambia, "Subiri kidogo, Mzee," bila kuinua macho. Nyoka alikuwa amekuwa mrefu kuliko siku zote. Mzee akakaa upande wa pili wa benchi. Nilipomaliza na kuinua kichwa, benchi lilikuwa tupu. Nilimwona mbali kwenye kijia, ameshavaa kofia yake.

Mwezi uliofuata niliuliza habari zake. Wakaniambia amehamia kwa mwanawe huko Kilosa. Mpaka leo sijui alitaka kusema nini. Pengine lilikuwa jambo dogo. Lakini mzee wa Kiluguru hapandi kilima na kuvua kofia kwa jambo dogo.

Nyoka hakuwa gemu baya. Halikuwa na damu wala kamari. Kosa langu halikuwa gemu nililocheza, ila mtu niliyemwacha akingoja. Ndiyo maana siku hizi nikitaka kupima gemu naanza na swali hili: ninapocheza, nani ananingoja?

La kufanya wiki hii

Kwanza, uliza. Jioni ya leo mwulize mwanao, mjukuu wako, mpwa wako anayekaa kwako kwa ajili ya shule: siku hizi unacheza gemu gani, na linakufurahisha nini? Uliza kama unavyouliza habari za mpira, si kama polisi. Nyinyi wajomba, sauti yenu katika ukoo ni kubwa. Itumieni kwa kuuliza kabla ya kufoka.

Pili, kaa naye. Mwambie akufundishe. Utafungwa, na kufungwa kwako kutamfungua mdomo.

Tatu, wekeni kipimo pamoja: saa ngapi, baada ya kazi gani, kwa hela gani. Na kipimo kiwe cha nyumba nzima. Baba anayekula huku anatelezesha simu hana neno la kumwambia mtoto.

Nne, ukiona mtoto kwenye mashine ya kamari, usipite kama nilivyopita. Zungumza na mwenye duka, na asiposikia nenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mashine ile ya barazani imeondolewa baada ya wazazi saba wa jumuiya kwenda pamoja. Mmoja mmoja walikuwa wamepuuzwa.

Na yule kijana? Jumamosi anamsaidia mama yake kuuza mboga, na deni la mchango linalipwa kidogo kidogo. Bado halijaisha. Wiki mbili zilizopita alirudi kwenye mashine nyingine, mtaa mwingine, akapoteza elfu mbili. Safari hii alikwenda mwenyewe kumwambia mama yake jioni ileile. Mama alikuja kunieleza, na kwa mara ya kwanza sikuona chozi. Aliniambia ameanza kufundishwa lile gemu la mpira kwenye simu ya mwanawe, na hajapata goli hata moja.

"Lakini Baba," alisema, "sasa nalijua jina lake."

Nakutakia Dominika njema. Mtakatifu Carlo Acutis, utuombee.